Seremala Anajibu: Kazi Ndogo za Mbao kwa Ajili ya Watu wa Nyumbani

Barua nyingi zilizotufikia kwa ajili ya toleo hili zimeandikwa na watu ambao useremala si kazi yao, lakini wanataka kumtengenezea mtoto, mwenzi au mzazi kitu cha mbao kwa mikono yao wenyewe. Nimejibu kwa kirefu pale ambapo kosa linaweza kumuumiza mtu au kuharibu kazi nzima, na kwa ufupi pale ambapo jambo lenyewe ni jepesi.

SWALI: Shikamoo fundi. Binti yangu ana umri wa miaka mitatu na bado hafikii beseni la kunawia mikono, kwa hiyo ningependa kumtengenezea kigoda cha kupandia. Nina msumeno wa mkono, drili na nyundo, wala sijawahi kutengeneza kitu cha kukaliwa au kukanyagwa na mtu. Je, kigoda ni kazi ya mtu anayeanza, au nitafute kwanza kitu rahisi zaidi? (Mama wa binti)

JIBU: Marahaba, mama. Anza na kigoda, wala usitafute kingine. Ni kazi ndogo yenye mikato michache iliyonyooka, nacho kitatumiwa kila siku, jambo ambalo haliwezi kusemwa kuhusu vitu vingi ambavyo wanaoanza huvichagua kwa sababu tu vinaonekana vyepesi.

Kabla ya kupima ubao, mpime mtoto. Msimamishe mbele ya beseni, umwekee chini ya miguu vitabu vipana na imara, uongeze kimoja kimoja huku ukimshika mpaka viwiko vyake viwe juu kidogo ya ukingo wa beseni, kisha upime kimo cha vitabu hivyo. Kwa watoto wengi wa umri huo utapata kati ya sm 20 na 25. Kipimo hicho ndicho kimo cha kigoda chako, hata kama mchoro uliouona mahali fulani unasema vingine, kwa kuwa aliyeuchora hakumjua mtoto wako wala hakujua beseni lako limefungwa juu kiasi gani.

Tumia ubao wa unene wa mm 20 na upana wa sm 25 hivi. Utahitaji vipande vitano: uso wa urefu wa sm 36, mabamba mawili ya miguu, na papi mbili, yaani vibao vyembamba, za upana wa sm 7 zitakazounganisha miguu kwa mbele na kwa nyuma, chini kidogo tu ya uso. Katika pembe za juu za kila mguu kata nafasi ili papi zizame humo na kulingana na ukingo. Miguu uikate kwa namna ambayo nyuzi za mbao zitasimama wima, maana nyuzi zikilala mguu unaweza kukatika ghafla kwa kuzifuata nyuzi hizo, mara tu mtu mzito atakapokanyaga kwa kishindo. Tena miguu ikae karibu kabisa na ncha za uso, kwa sababu uso ukijitokeza nje, mtoto akikanyaga sehemu hiyo kigoda kitapinduka.

Usije ukaziona papi kuwa pambo ukaziacha. Ndizo zinazozuia kigoda kuyumba kulia na kushoto, na ndizo zinazozipa skrubu mahali pazuri pa kushika. Skrubu iliyopigwa kwenye ncha ya ubao, pale nyuzi zinapoishia, hushika kwa udhaifu. Iliyopigwa kukingamana na nyuzi hushika barabara. Kwa hiyo piga skrubu kupitia papi ziingie kwenye kingo za miguu, na kupitia uso ziingie kwenye kingo za papi, wala usitegemee skrubu zinazozama wima kwenye ncha za miguu. Toboa kwanza: ikiwa skrubu ina kipenyo cha mm 4, tundu la ubao wa juu liwe la mm 4 ili skrubu ipite humo bila kukwama, na la ubao wa chini liwe la mm 2.5, ndipo mbao mbili zitakapovutana na kubanana. Paka gundi nyeupe ya mbao kwenye viungo vyote, ubane, na usikikanyage kigoda kabla saa 24 hazijapita.

Kikiyumba kwa sababu mguu mmoja ni mfupi, kiweke juu ya meza iliyo sawa kabisa, ingiza karatasi iliyokunjwa chini ya upande uliopungua mpaka kitulie, kisha laza penseli juu ya kibao chembamba na uizungushe ikigusa miguu yote. Mstari utakaopatikana ndio wa kukatia. Mwisho, lainisha kingo zote zisiwe na ukali, bandika mpira chini ya miguu ili kisiteleze, na kabla mtoto hajakipanda, kipande wewe mwenyewe, uhamishe uzito kutoka ncha moja hadi nyingine. Hata ukikitengeneza kwa ajili ya mtoto, watu wazima watakipanda, na lazima kiwaweze. Kama utatoboa tundu la kukibebea, liwe refu la kupitisha mkono mzima. Matundu na nafasi za kati ya mm 5 na 12 hunasa vidole vya watoto, na kanuni hiyo uichukue katika kila kazi utakayoifanya kwa ajili yao.

SWALI: Mtoto wetu anakaribia mwaka mmoja na kila akishikacho hukipeleka mdomoni. Nataka kumtengenezea vipande vya mbao vya kujengea minara. Nimepata paleti kadhaa za kubebea mizigo ambazo zingenipa mbao za bure, na nyumbani kuna kopo la rangi la miaka mingi. Je, vinafaa? (Baba wa mtoto wa kwanza)

JIBU: Wazo la vipande vya kujengea ni zuri mno, ila vifaa hivyo viwili naomba uviache.

Paleti iliyosafiri kutoka nchi hadi nchi hupigwa muhuri unaoonyesha jinsi mbao zake zilivyotibiwa dhidi ya wadudu. Herufi HT zina maana kwamba mbao zilipashwa joto mpaka kiini chake kikafika nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30 mfululizo. Herufi MB zina maana kwamba zilifukizwa kwa methili bromaidi, ambayo ni sumu, na paleti ya aina hiyo isitumike kwa kitu chochote cha nyumbani. Hata hivyo, muhuri wa HT unaeleza tu habari za wadudu; haukuambii ni kitu gani kilimwagikia juu ya mbao hizo zilipokuwa zikibeba mizigo. Kwa rafu ya zana zako paleti ya HT inafaa. Kwa kitu kitakachonyonywa na mtoto, haifai. Vivyo hivyo mbao zenye rangi ya kijani kibichi iliyofifia, zile za nguzo na za nje, nyingi zilitiwa dawa ya shaba, kromi na aseniki; zisitumike kwa kazi za watoto, wala mabaki yake yasichomwe jikoni, kwa sababu sumu hiyo hubaki katika moshi na majivu.

Ama rangi ya zamani, hofu yangu ni risasi. Shirika la Afya Duniani linahimiza kwamba risasi katika rangi isizidi sehemu 90 katika milioni, na makopo mengi ya zamani yalitengenezwa bila kujali kikomo kama hicho. Kwa sababu hiyohiyo usipige msasa mbao kuukuu zenye rangi usiyoijua, hasa mtoto akiwa karibu, kwa kuwa vumbi lake ndilo linaloingia mwilini kwa urahisi zaidi.

Sasa tuje kwenye vipande vyenyewe. Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyefungua mwaka 1837 taasisi ambayo ndiyo iliyozaa shule za chekechea, aliwapa watoto mchemraba wa inchi 2 uliokatwa kuwa michemraba midogo 8 ya inchi 1. Baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, mwalimu Caroline Pratt wa New York alibuni vipande vikubwa zaidi ambavyo bado vinatumika katika shule nyingi, na kipimo chake cha msingi ni takribani mm 35 kwa 70 kwa 140. Ningekuomba ufuate kipimo cha Pratt. Upana ni mara mbili ya unene, na urefu ni mara mbili ya upana; kwa hiyo vipande viwili vikilazwa kimoja juu ya kingine hulingana na upana wa cha tatu, na vikisimamishwa ubavu kwa ubavu hutengeneza mraba kamili. Mtoto hugundua ulinganifu huo kwa mikono yake muda mrefu kabla ya kuweza kuhesabu, ilimradi vipande vimekatwa kwa usahihi. Ukikosea kwa mm 2 hapa na mm 1 pale, mnara utainama na somo lote litapotea.

Usahihi huo haupatikani kwa kupima kila kipande. Randa ubao mmoja mrefu mpaka unene na upana viwe sawa kila mahali, kisha fungia kizuizi kwenye kielekezo cha msumeno (kisanduku chenye mifereji ya kuuongoza msumeno), kwa umbali wa mm 140, na kila mara usukume ubao mpaka uguse kizuizi ndipo ukate. Kwa mtoto wa mwaka mmoja tengeneza kwanza vipande vya nusu, mm 35 kwa 70 kwa 70, kwa kuwa kipande kizima cha mbao ngumu hufikia gramu 200 hivi na kikimwangukia usoni kitamuumiza. Usitengeneze kitu chochote kidogo kuliko hapo: viwango vya usalama vya vitu vya kuchezea hupima hatari ya kukabwa kwa mrija wa kipenyo cha karibu mm 32, na kinachoingia humo hakiruhusiwi kwa watoto walio chini ya miaka mitatu. Chagua mbao zenye nyuzi zilizoshikana, kwa kuwa mbao laini kama za msonobari hubonyea na kutoa vibanzi.

Piga msasa kwa kufuata nyuzi, namba 80 kwanza, halafu 120, halafu 180. Kisha futa kila kipande kwa kitambaa chenye maji, uache kikauke, upige tena kwa namba 220. Maji huzisimamisha nyuzi zilizolala, na kwa kuwa vipande hivi vitaloweshwa mate kila siku, ni bora zisimame mikononi mwako kuliko mdomoni mwa mtoto. Baada ya hapo unaweza kuviacha vitupu, na mimi ndivyo ninavyopendelea. Ukitaka kuvipaka kitu, tumia nta ya nyuki, au mafuta ya kitani yasiyochanganywa na dawa za kukaushia, na uyape majuma kadhaa yagande. Usipake mafuta ya kupikia, maana mengi hayagandi na baada ya muda huchacha. Mafuta ya njugu na jozi yaache kabisa, kwa sababu kuna watoto wanaodhurika kwa kuyagusa au kuyaonja.

Jambo moja la hatari ambalo makopo mengi hulitaja kwa maandishi madogo: matambara yaliyolowa mafuta ya kitani hutoa joto yanapokauka, na yakikunjwa au kurundikwa pamoja yanaweza kuwaka yenyewe bila cheche yoyote. Yatandaze nje moja moja mpaka yakakamae, au yatumbukize kwenye ndoo ya maji, kabla ya kuyatupa.

SWALI: Rafu niliyowatengenezea watoto kwa ajili ya vitabu vyao imepinda katikati. Ni ya chipubodi yenye unene wa mm 16, na kutoka ukuta wa kabati mmoja hadi mwingine ni sm 110. Je, nibadilishe kwa mbao nene zaidi? (Mwalimu)

JIBU: Unene husaidia, lakini urefu ndio uliokuangusha. Ugumu wa ubao dhidi ya kupinda hukua kwa kipeo cha tatu cha unene wake, kwa hiyo kutoka mm 16 kwenda 20 kupinda kutapungua kwa karibu nusu. Urefu una nguvu kubwa zaidi: kwa rafu iliyojaa vitabu mwanzo hadi mwisho, ukiweka nguzo katikati na kila nusu ikawa rafu yake yenyewe, kupinda kunashuka hadi sehemu moja ya kumi na sita. Weka basi kigawanyo cha katikati. Kama hutaki kigawanyo, pindua rafu iliyopinda ili tumbo liangalie juu, kisha gundisha na kupigia skrubu upapi wa mm 20 kwa 40 kwenye ukingo wa mbele, ukiwa umesimama kwa upana wake wa mm 40. Kwa chipubodi mimi sivuki sm 60 bila kiegemeo, na kwa mbao nzima za mm 20 sivuki sm 80.

Umetaja watoto, kwa hiyo naongeza hili hata kama hukuliuliza. Funga kabati ukutani kwa vyuma vya pembe, kwenye nguzo au kwenye tofali, si kwenye lipu tu, na vitabu vizito viweke chini. Watoto hupanda rafu kama ngazi, na kabati lisilofungwa huwaangukia.

SWALI: Nilimtengenezea mume wangu meza ndogo ya kusomea. Uso wake ni mbao tatu nilizozigundisha ubavu kwa ubavu, jumla upana wa sm 45, nikaufunga kwenye fremu kwa skrubu nyingi ili uwe imara. Ulipoingia msimu wa ukavu uso ulipasuka kuanzia kwenye ncha. Aliyeniuzia mbao alinihakikishia kwamba zimekauka. Kosa ni la mbao, la gundi, au langu? (Mke mpenda mbao)

JIBU: Dada, gundi haina kosa, na yawezekana hata muuzaji alisema kweli. Kilichoupasua uso ni skrubu ulizoziweka kwa nia njema kabisa.

Mbao hupumua unyevu wa hewa muda wote, hata baada ya kukaa ndani ya nyumba miaka mingi. Hewa ikiwa na unyevu hutanuka, ikikauka husinyaa. Kwa urefu, yaani kwa kufuata nyuzi, badiliko ni dogo hata halihesabiki. Kwa upana ni kubwa, na hutegemea jinsi gogo lilivyopasuliwa: ubao ambao mistari ya pete za mti inalala sambamba na uso wake husinyaa karibu mara mbili ya ule ambao pete zake zimesimama wima. Uso wa sm 45 kama wako unaweza kupungua mm 4 au 5 kati ya msimu wa unyevu na wa ukavu. Fremu yako haikupungua, kwa kuwa vipande vyake vinavyokingamana na uso vimelala kwa urefu wa nyuzi zao. Uso ukataka kujivuta, skrubu zikaukatalia pande zote mbili, na kwa kuwa nguvu hiyo ilibidi itokee mahali fulani, ukapasuka pale ulipokuwa dhaifu.

Usijaze ufa kwa gundi na unga wa mbao, maana msimu wa unyevu ukirudi uso utatanuka, kijazo kitabanwa, na ufa utahamia kwingine. Ng'oa skrubu zote. Pasua uso kwa msumeno kwa kufuata mstari wa ufa, randa kingo hizo mbili mpaka zikigusana usione mwanga kati yake, kisha ugundishe upya. Meza itapungua upana kidogo tu. Unapoufunga tena, skrubu za katikati ya upana ziwe katika matundu ya kawaida, lakini zile za kando ziwe katika matundu marefu kama mfereji mfupi, yaliyochongwa kukingamana na nyuzi za uso, yakiiachia skrubu nafasi ya mm 4 hivi kila upande, na chini ya kichwa cha skrubu uweke washa (kibati cha mviringo chenye tundu katikati). Hapo uso utabanwa usiinuke, nao utaweza kwenda na kurudi. Katika kigoda nilichomweleza yule mama hapo juu hakuna hatari hii, kwa sababu nyuzi za uso na za papi zinakwenda upande mmoja, na miguu husinyaa pamoja na uso.

Kuhusu ukavu, usitegemee neno la mtu wakati una mizani. Mbao zilizopangwa kivulini, zikitenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite, huhitaji takribani mwaka mmoja kwa kila mm 25 za unene, na mbao ngumu zaidi hupita hapo. Pima uzito wa ubao mmoja kila juma na uuandike. Uzito ukiacha kushuka, ubao umelingana na hewa ya mahali hapo. Kisha uingize ndani ya chumba ambamo meza itakaa, uuache majuma mawili au matatu, ndipo uanze kukata. Subira hiyo ni sehemu ya kazi, na inanisikitisha kuona watu wakinunua mbao asubuhi na kuzigundisha jioni ya siku hiyohiyo.

SWALI: Mama yangu ana umri wa miaka 78 na magoti yanamsumbua. Nataka kumtengenezea kiti cha kukalia nje ya mlango wake, lakini viti nilivyonakili kutoka kwingine humpa taabu wakati wa kuinuka. Nizingatie nini? (Kitinda mimba)

JIBU: Mpe pole mama. Viti vingi hutengenezwa kwa kimo cha sm 43 hadi 45, nacho hakimfai kila mtu, hasa aliye na magoti yanayouma. Mketishe mahali ambapo nyayo zake zinakanyaga chini barabara, akiwa amevaa viatu anavyovizoea, upime kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti lake, kisha uongeze sm 3 hadi 5. Kimo hicho kitampunguzia goti safari ndefu ya kukunjuka. Usiongeze zaidi bila kujaribu, maana nyayo zikielea, ukingo wa kiti utambana mapaja na miguu itakufa ganzi.

Kina cha kiti, kutoka mgongo hadi ukingo wa mbele, kiwe kifupi kuliko vile ungependa kwa macho, ili kati ya ukingo na nyuma ya goti pabaki nafasi ya vidole vitatu au vinne. Sehemu ya chini kwa mbele usiweke upapi wowote: mtu anapoinuka huvuta nyayo zake nyuma chini ya kiti, na upapi ukimzuia hana budi kujisukuma kwa mikono peke yake. Upapi wa kukaza miguu uwekwe nyuma na pembeni.

Sehemu inayostahili muda wako mwingi ni mikono ya kiti. Iwe juu ya kikalio kwa sm 20 hadi 25, ifike mbele mpaka kwenye ukingo wa kiti au ipite kidogo, na ncha zake ziwe za mviringo unaojaa kiganjani, kwa sababu hapo ndipo mama ataweka uzito wake wote. Kwa hiyo usiifunge kwa skrubu mbili ndogo ukaridhika. Chonga ulimi (ncha nyembamba ya kuingia tunduni) juu ya mguu wa mbele na uchimbe tundu lake upande wa chini wa mkono, unene wa ulimi uwe theluthi moja ya unene wa mguu, ugundishe, na kiungo kikikauka ukijaribu kwa uzito wako mwenyewe. Kabla ya kugundisha chochote, funga kiti chote kwa muda kwa kamba na klampu, mama akikalie na kuinuka mara kadhaa, na umsikilize. Kama atasema mikono iko mbali au mgongo umesimama sana, bado una nafasi ya kubadilisha. Na kwa kuwa kiti kitakaa nje, manyunyu ya mvua yatakifikia. Inamisha kikalio kidogo kuelekea nyuma, au uache nafasi ndogo kati ya ubao na ubao, maji yasituame.

SWALI: Mwanangu wa miaka tisa hukaa kando yangu kila nifanyapo kazi na anaomba msumeno. Mke wangu anaogopa. Je, umri huo unaruhusu, na aanze na nini? (Baba wa mwanafunzi)

JIBU: Umri unaruhusu, na hofu ya mama nayo ni ya haki, kwa hiyo msiishindanishe na hamu ya mtoto. Finland iliingiza kazi za mikono katika shule zake za msingi mwaka 1866, kwa juhudi za Uno Cygnaeus, na Otto Salomon akawafundisha walimu kutoka nchi nyingi njia hiyo huko Nääs, nchini Sweden. Salomon alishikilia kwamba mtoto atengeneze kitu kizima chenye kazi nyumbani tangu mwanzo, kama vile kijiko au kijiti cha kushikiza maua, badala ya kufanyishwa mazoezi ya viungo ambavyo havitumiki popote. Nakubaliana naye kikamilifu. Mtoto anayejua kwamba kibao anachokikata kitatundikwa ukutani na kubeba funguo za nyumba nzima hupima kwa uangalifu ambao huwezi kumlazimisha.

Mpeni basi kazi hiyo: ubao wa sm 30 kwa 8, matundu matano, vigingi vitano vya mti vya kuchomeka. Mpeni msumeno mdogo wenye meno makali. Zana butu ndizo zinazoteleza, kwa sababu hulazimisha nguvu nyingi, na mtoto akitumia nguvu hupoteza uelekeo. Ubao ubanwe kwenye jiriwa au kwa klampu mbili, usishikwe kwa mkono kamwe. Meza iwe ya kimo cha kiuno chake, si chako. Na mashine za umeme zisubiri miaka kadhaa. Kuhusu vumbi, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, lilitangaza mwaka 1995 kwamba vumbi la mbao husababisha saratani kwa binadamu, hasa ya tundu za pua. Hatari hiyo imeonekana kwa watu walioishi katika karakana miaka mingi, lakini mapafu ya mtoto hayana sababu ya kuanza hesabu hiyo mapema: pigeni msasa nje, avae barakoa inayobana uso, na unga ulioanguka ukusanywe kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagiwa ukavu.

Kwa mara ya kwanza mama asimame naye, achague yeye mwenyewe mahali pa kufungia klampu. Akikata nje ya mstari, msimsahihishie kazi akiwa hayupo. Mpeni ubao mwingine wa urefu uleule, achore mstari upya kwa skwea, atie alama upande utakaotupwa, na mara hii aanzishie msumeno upande huo wenye alama, ili mstari wenyewe ubaki kwenye kipande anachokihitaji.